Siki iliyogeuka wino: kisa cha pipa la mabanzi ya mtiki, Tanga

Karakana yenyewe iko nje kidogo ya jiji la Tanga, njia ya Muheza. Inapasua mitiki ya Longuza, na mtiki ukikosekana inapasua misindano inayoshushwa kutoka Shume, Lushoto. Jioni hubaki mafungu matatu: mabanzi, vipande vya ncha na maranda. Mabanzi yana wateja wake, mama lishe na wachoma matofali. Maranda huchomwa nyuma ya ua, na moshi wake umeshaleta maneno na majirani. Mwenye karakana alipoambiwa kwamba ndani ya moshi uleule mna asidi ya siki, aliita fundi wa kuchomelea, akatengenezewa mtambo. Shabaha ilikuwa asetati ya kalsiamu, yaani asidi ya siki iliyokamatwa na chokaa: unga mkavu wa kijivu unaoingia gunia na kupelekwa viwandani bila kumwagika njiani.

Baada ya michomo mitano alikuwa na mkaa mzuri, jerikeni kadhaa za maji yanayonuka moshi (nyingine nyeusi tititi), na kilo chache za unga wa kahawia wenye harufu ya lami, ambao kila aliyeonyeshwa aliurudisha. Uchambuzi huu unafuata michomo hiyo: nini kiliharibika, kwa nini, na kipi kati ya vilivyopatikana kina soko bila kupigiwa debe.

Asidi inakotoka

Mbao haina siki ndani yake. Ina vikundi vya asetili, vinavyogeuka asidi ya siki vikikatika, vilivyoning'inia kwenye hemiselulosi, ile sehemu ya mti inayokuwa ya kwanza kuvunjika kwa joto. Miti ya mbao ngumu ina asetili ya kama asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake mkavu; misindano na jamaa zake ina 1 hadi 2. Kwa hiyo kabla ya moto kuwashwa, chaguo la mbao limeshaamua nusu ya matokeo.

Mbao ngumu iliyokauka ikipashwa moto bila hewa hutoa, kwa makadirio ya kazi, mkaa asilimia 30, maji yenye asidi pamoja na lami asilimia 45, na gesi inayobaki. Asidi ya siki yenyewe, mambo yakienda vizuri, ni asilimia 4 hadi 6 ya mbao kavu. Methanoli, ambayo wazee wa kazi hii waliiita spiriti ya mbao, ni asilimia 1 hadi 2.

Joto lina hatua zake. Hadi nyuzi 170 za Selsiasi kinachotoka ni maji tu, na moshi ni mweupe mzito. Kati ya 170 na 270 hemiselulosi inavunjika na asidi inaanza kutiririka. Ikifika 270 hadi 280 mbao inaanza kutoa joto lake yenyewe, na hapo fundi mgeni huendelea kusukumia kuni, pipa likamkimbia. Moto wa chini upunguzwe hapo. Kutoka 280 hadi 400 lami inazidi, moshi unageuka njano, mwisho unakuwa wa bluu na mwembamba. Bluu ikionekana, kazi imekwisha.

Mtambo

Pipa la chuma la lita 200 limelazwa juu ya jiko la matofali. Mfuniko umefungwa kwa boliti na kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Bomba la inchi 2 linatoka juu ya pipa, linapita ndani ya pipa la pili lililojaa maji ya kupoza, linatokea chini na kuingia kwenye ndoo. Gesi isiyoganda inarudishwa jikoni kwa kibomba cha pembeni.

Mtu aliyewahi kuona mtambo wa gongo ataufahamu huu bila kuelezwa, na hilo ni hatari kuliko linavyochekesha. Kinachotiririka mwanzoni kina methanoli. Mililita 10 zake halisi zinaweza kupofusha, na kama 30 zinaweza kuua. Jerikeni ziandikwe SUMU kwa herufi za kuonekana, zifungiwe, wala maji haya yasitiwe kwenye chupa ya soda hata kwa dakika tano.

Mambo mawili ya mtambo huu yalileta gharama baadaye. Bomba lilinunuliwa duka la vifaa vya ujenzi, bomba la maji, lenye zinki ndani na nje. Halafu mdomo wake ulizamishwa kabisa kwenye maji ya ndoo, ili moshi usitoke.

Mchomo wa kwanza: maji ya bure

Mabanzi yaliingia yakiwa yamepasuliwa wiki ileile, kilo 60. Mbao ya namna hiyo inaweza kuwa na maji asilimia 45 ya uzito wake. Hesabu ndiyo hii: kilo 27 ni maji, mbao kavu ni 33. Mbao kavu hiyo inatoa mkaa kilo 10, na asidi ikikadiriwa asilimia 5 ni kilo 1.65 tu, iliyoyeyuka katika maji karibu kilo 39. Nguvu yake inakuwa asilimia 4. Siki ya kachumbari dukani ina 5.

Pipa hilohilo likijazwa kilo 60 za mabanzi yenye unyevu wa asilimia 15, mbao kavu inakuwa kilo 51, mkaa 15, asidi 2.5 ndani ya maji 28, nguvu asilimia 9. Kazi ni ileile, na kuni za kukausha ndani ya pipa zimeokolewa. Mabanzi ya mtiki yakipangwa msalaba chini ya paa, hewa ikapita, huhitaji wiki kadhaa za kaskazi kufika huko. Wakati wa masika yasihesabiwe kabisa.

Unyevu upimwe, usikisiwe kwa mkono. Chukua kipande cha gramu 200 kutoka katikati ya ubanzi, si kwenye ncha, kiweke kwenye oveni ya mikate nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka. Kikibaki gramu 170, unyevu ni asilimia 15.

Mchomo wa pili: maranda

Hapa tamaa ilikuwa kubwa, maana maranda ndiyo taka halisi; mabanzi tayari yana mnunuzi. Pipa lilijazwa maranda makavu hadi juu. Baada ya saa 8 za moto lilifunguliwa kesho yake: ukuta wa pipa ulikuwa na tabaka la mkaa la sentimita chache, na katikati maranda yalikuwa ya njano, yananukia kama yalivyotoka kwenye msumeno.

Maranda hayapitishi joto. Yale yaliyoshika ukuta yanageuka mkaa kwanza, na mkaa huo unakuwa blanketi kwa yaliyo ndani. Kuongeza moto kunaunguza pipa, si maranda. Isitoshe, vumbi lake linasukumwa na mvuke hadi kwenye bomba na kukutana na lami huko.

Tatizo hili lina suluhisho la kiwanda. Marekani, Ford walijenga Iron Mountain, Michigan, miaka ya 1920, kiwanda cha kugeuza mabaki ya mbao za magari kuwa mkaa, asetati na methanoli. Siri ilikuwa kukausha vipande hadi karibu visiwe na unyevu wowote, kisha kuviingiza mfululizo kwenye tanuri la wima ambalo lilijiendesha kwa joto la mbao yenyewe. Pipa la lita 200 haliwezi hilo. Kwa karakana, maranda yawekwe kwenye trei za tabaka lisilozidi sentimita 8, au yatumike kama kuni chini ya pipa kwenye jiko linalofaa maranda. La pili ni rahisi zaidi, na moshi wa kule nyuma ya ua unapungua.

Wa tatu na wa nne

Mchomo wa tatu ulikuwa wa mabanzi makavu na ulikwenda vizuri hadi moto ulipopungua. Gesi ndani ya pipa ikapoa, ikanywea, na kwa kuwa mdomo wa bomba ulikuwa umezama, pipa likavuta maji ya ndoo kurudi ndani. Maji yakigusa mkaa wa nyuzi 400 hugeuka mvuke mara moja. Udongo wa mfuniko uliruka; bahati nzuri hakukuwa na mtu mbele yake. Dawa yake ni ndogo: mdomo wa bomba uishie juu ya maji ya ndoo, au uwekwe koki ya kufungulia hewa kwenye bomba, na bomba liachanishwe kabla moto haujafa. Kibomba cha gesi nacho kisielekezwe jikoni mpaka moshi mweupe umeisha. Kabla ya hapo pipa bado lina hewa, na gesi iliyochanganyika na hewa hulipuka.

Wa nne ulikuwa wa misindano. Lami ilijaa, bomba likaziba katika saa ya tatu, asidi ikawa hafifu. Misindano ina utomvu. Lami yake ni bidhaa nzuri kwa anayetaka kupaka mitumbwi na kamba, lakini isichanganywe na mtiki kwenye pipa moja. Mbao zilizotiwa dawa, hasa vipande vya nguzo za umeme, zisiingie kabisa, kwa sababu dawa zake zinaweza kuwa na aseniki na kromu, nayo aseniki hupanda na moshi.

Mkaa wa mchomo wowote ukae umefungwa saa 24. Mkaa mpya ukikutana na hewa ungali na joto hujiwasha wenyewe ndani ya gunia.

Mchomo wa tano, na unga uliokataliwa

Mabanzi makavu, moto wa taratibu, bomba lililozibuliwa. Zilipatikana lita kama 28 za maji yenye asidi juu ya lami iliyotuama chini.

Nguvu ya asidi inaweza kupimwa bila maabara. Karatasi ya litmasi haisaidii, rangi ya maji inaifunika. Chukua mililita 100 zilizotuama, tia magadi ya kuokea mikate yaliyopimwa kwa mizani ndogo, kidogo kidogo, hadi povu likome. Kila gramu 14 za magadi zinajibu gramu 10 za asidi. Zikiingia gramu 11, maji yana karibu asilimia 8.

Kisha chokaa. Tanga haina shida ya chokaa. Mawe yake ndiyo yaliyotoboka yakawa mapango ya Amboni, na ndiyo yanayolisha saruji ya Pongwe. Kilo 2 za asidi zinahitaji kilo 1.25 za chokaa safi iliyozimwa, na zinatoa kilo 2.6 za asetati. Chokaa iliyokaa kwenye gunia wazi imeshaanza kurudi kuwa jiwe: bado inafanya kazi, lakini inatoa povu jingi, basi chombo kisijazwe zaidi ya nusu.

Kosa la mchomo huu lilikuwa haraka. Maji yalitiwa chokaa siku ileile, na chokaa ikazidi. Lami iliyoyeyuka haitoki kwa kutuama peke yake, na chokaa ikizidi inayeyusha fenoli, kemikali za lami, na kuziingiza kwenye asetati. Matokeo ni asetati ya kahawia. Ile ya kijivu ya viwandani, iliyofika usafi wa asilimia 80 na kitu, ilipatikana kwa kunereka maji ya asidi (kuyachemsha na kukusanya mvuke) mara ya pili ili lami ibaki chini, ndipo chokaa itiwe. Anayetaka unga wa kijivu anereke mara mbili, na chokaa aikomeshe wakati maji bado yana uchachu kidogo.

Halafu kukausha. Asetati ya kalsiamu ina tabia ya kinyume na chumvi ya jikoni: maji yakiwa ya moto uyeyukaji wake unapungua. Ikichemshwa inafanya utando juu ya sufuria, mvuke unakwama chini yake, na sufuria inaungua. Lazima utando upakuliwe kwa reki muda wote. Unga ukaushwe karibu na nyuzi 120. Ukiupeleka juu sana unavunjika na kutoa asetoni. Na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa makusudi: Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ilihitaji asetoni kwa ajili ya baruti ya kodaiti, na mwanzoni asetoni hiyo ilitokana na kuchoma asetati ya kalsiamu iliyotengenezwa kwa mbao.

Lakini hesabu inayoua biashara hii ni ya maji. Kuvukiza kilo 28 za maji kunataka karibu megajuli 73. Jiko la mafiga matatu au la matofali ya kawaida likipeleka kwenye sufuria asilimia 20 ya joto la kuni, unaunguza kilo 24 za mabanzi ili upate kilo 2.6 za unga. Wachumvi wa pwani wana njia bora: beseni pana, kina kidogo, jua. Kwa uvukizi wa milimita 5 kwa siku, beseni la mita 2 za mraba linamaliza lita 28 katika siku kama tatu, au zaidi, maana chumvi ikizidi uvukizi unapungua. Liwe na paa la nailoni la kushusha mvua ikinyesha. Asidi yenyewe isiwekwe juani kabla ya chokaa. Itafanya kama wageni wa Tanga, waja leo waondoka leo.

Hata ukiupata unga mweupe kama wa ngano, mnunuzi wa viwanda anaagiza asidi ya siki iliyotengenezwa kwa methanoli na kaboni monoksidi, safi, kwa tani. Soko la bidhaa za moshi wa mbao lilianza kuvunjika 1923, BASF ya Ujerumani ilipoanza kuunda methanoli kutokana na gesi. Kushindana kwenye njia hiyo kwa pipa la lita 200 ni kupigana na tembo kwa fagio.

Maji meusi

Sasa zile jerikeni. Za michomo ya mwanzo zilikuwa na rangi ya chai. Za mwisho zikawa kama wino. Maelezo yako kwenye bomba. Asidi ilianza kwa kula zinki, na asetati ya zinki haina rangi. Zinki ilipoisha ndani ya bomba, asidi ikakutana na chuma kitupu. Chuma na fenoli za lami vikaungana na kutoa weusi. Mwenye karakana aliona uharibifu.

Kwa kweli alikuwa ametengeneza, bila kukusudia na kwa nguvu hafifu, bidhaa iliyouzwa Ulaya karne nzima na zaidi: asetati ya chuma ya moshi wa mbao, dawa ya watia rangi vitambaa. Ubora wake uko palepale penye kasoro ya asetati ya kalsiamu. Uchafu wa lami unazuia chuma kushika kutu haraka ndani ya maji, kwa hiyo asidi chafu inafaa kuliko safi. Haihitaji kunerekwa mara ya pili, haihitaji chokaa, na haihitaji kukaushwa. Zile kilo 24 za kuni zinabaki kwenye fungu.

Namna ya kuifanya kwa makusudi: maji ya asidi yatuame angalau wiki mbili, yachotwe katikati, kuacha lami ya chini na mafuta ya juu. Lita 10 za asilimia 8 zina gramu 800 za asidi, zinazokula chuma gramu 370. Weka kilo 1.5 za makapi ya chuma kutoka kwa fundi wa lathe, yaliyooshwa mafuta kwa maji ya moto na sabuni. Misumari ya bati isitumike, ina zinki. Chombo kiwe cha plastiki ngumu, kifuniko kilegezwe, kiwekwe nje mbali na sigara na jiko, kwa sababu kinachobubujika humo ni haidrojeni. Koroga kila siku kwa fimbo ya mbao. Baada ya siku 7 hadi 14 mabubujiko yanakoma. Chuja kwa kitambaa, lakini bakiza chuma kidogo ndani ya jerikeni ili maji yasichakae.

Wateja wa karibu ni maseremala wenyewe. Chukua ubao wa msindano uliopigwa msasa. Chemsha gramu 50 za majani ya chai katika lita 1 ya maji kwa dakika 20, paka mara mbili, acha ukauke. Nyuzi za mbao zitasimama. Pitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi. Kisha paka maji ya chuma yaliyozimuliwa kwa maji mara nne. Ubao unakuwa wa kijivu chenye ubluu papo hapo, na kabla haujakauka unaelekea kuwa kama mpingo. Weusi hauko juu kama rangi ya kopo. Umeingia, kwa sababu tanini ya chai (ule ukakasi wake) na chuma vimeungana ndani ya nyuzi. Harufu ya moshi hukaa siku chache, kisha vanishi huifunga. Mtiki una tanini yake na mara nyingi hauhitaji chai nyingi, ila ujaribiwe kwenye kipande, maana mafuta yake huleta madoa.

Anayetaka tanini nyingi kwa bei ya kiwanda aangalie Njombe, ambako TANWAT, kampuni ya miwati iliyoanzishwa 1949, hukamua maganda ya miti hiyo. Maganda ya mikoko ya pwani yana tanini nyingi pia, lakini yaachwe kwenye mikoko.

Wachapaji wa batiki nao wanaweza kuyatumia, kwa tahadhari moja: chuma kikizidi kinaozesha pamba. Nguo iliyotiwa chuma isuuzwe hadi maji yatoke meupe.

Ratiba inayofaa karakana hii, basi, inaanza na mabanzi makavu ya mtiki peke yake na maranda yakiwa kuni. Mkaa ndio mapato ya kwanza, kilo 15 kwa pipa. Bomba libadilishwe. Shaba ndiyo bora, chuma cha pua kinafuata. Aliyebanwa na pesa atumie mwanzi wa mita 4 uliotobolewa mafundo, unaopoza kwa hewa tu, na kuutupa ukichakaa. Kwa kutumia mwanzi, mchomo unaweza pia kutoa siki ya moshi isiyo na metali kwa wakulima, ikichukuliwa moshi ukiwa kati ya nyuzi 80 na 150 pale unapotoka kwenye pipa, na kutuama miezi 3 au zaidi.

Jerikeni za mwanzo zenye zinki zisichanganywe na za chuma. Kuzitambua ni rahisi: dondosha tone kwenye karatasi iliyoloweshwa chai. Ya chuma inaacha doa jeusi kabla hujaifunga jerikeni. Ya zinki haifanyi kitu.